Miguu Isiyo na Majivu

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa nimeshiba na sina homa. Naanza na hilo kwa sababu najua mtaniuliza. Mume wangu aliniuliza, padri aliniuliza, hata mganga, ambaye kazi yake ni kuamini mambo ya namna hii, aliniuliza kama siku ile sikuwa nimeonja pombe. Sikuwa nimeonja. Nilikuwa nanyonyesha.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Nilikuwa nimeolewa mwaka wa tatu katika mji mmoja, yaani boma moja la ukoo, huko Nyanungu. Mume wangu alifundisha shule ya misheni, na kila mtu alimwita Mwalimu, hata mama yake mzazi, ingawa mama yake alilitamka neno hilo kwa dhihaka kidogo. Mtoto wetu alikuwa Robhi, msichana wa miezi tisa. Kabla yake nilizaa mvulana, nikamzika hata jino hajaota. Kwa hiyo mnielewe. Robhi sikumwachia mtu. Nilikwenda naye shambani, nikaenda naye kisimani, nikaenda naye chooni. Majirani walinicheka, nami niliwaacha wacheke.

Kuna jambo moja lazima nilieleze kwanza, hasa kwa ninyi wa siku hizi mnaokula meza moja na wakwe zenu. Kwetu mke hamtazami baba mkwe usoni. Ni soni. Mkikutana njiani unaingia majanini, unainama mpaka apite. Hamli pamoja. Jina lake hulitaji, ukilitaja umeutia mji mzima aibu, na wazee watakaa kikao, mbuzi atachinjwa, na pengine utarudishwa kwenu ukafundishwe upya. Akitaka kumbeba mjukuu wake, hampokezani mkono kwa mkono. Unamlaza mtoto chini, unageuka, unasogea hatua chache, naye anakuja anamchukua. Akiwa na neno na wewe, anamwambia mtoto. "Robhi, mwambie mama yako ng'ombe mweupe hajarudi." Nami namjibu mtoto: "Robhi, mwambie babu amekwenda kutafutwa." Mtoto mwenyewe anatutazama tu, anacheza na mate yake.

Kwa hiyo miaka mitatu yote sikuwahi kuiona sura ya mkwe wangu. Ungeniuliza pua yake ikoje nisingekuwa na jibu. Lakini miguu yake niliijua kuliko ya mume wangu. Alivaa katambuga za tairi zilizofungwa kwa ngozi. Kisigino cha kushoto kilikuwa na ufa mrefu ambao mama mkwe aliupaka mafuta ya ng'ombe kila jioni. Kidole kidogo cha mguu wa kulia kilipinda, alikanyagwa na dume la ng'ombe akiwa kijana. Watu wengine hujua wenzao kwa uso, mimi mkwe wangu nilimjua kuanzia magoti kushuka chini.

Sasa, safari yenyewe. Baada ya kuvuna wimbi, nyasi zilipokauka zikawa za manjano na milama kule vilimani ikageuza majani kuwa mekundu, Mwalimu alikuja na wazo. Huko chuoni alikosomea ualimu kulikuwa na mzungu aliyewatembeza wanafunzi Jumamosi moja, wakabeba mikate, wakakaa chini ya miti, wakaitazama nchi, wakarudi. Hakuna walichokwenda kufanya. Walitazama tu. Mwalimu alilipenda jambo hilo, akasema na sisi twende, familia nzima, tukaone milama.

Mama mkwe alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Mtu anakwenda porini kwa kuni," akamwambia. "Anakwenda kwa ng'ombe aliyepotea. Anakwenda kwa asali. Wewe Mwalimu unakwenda kwa lipi?"

"Kwa majani, Mama. Ni mazuri."

"Majani yakiwa mazuri mbuzi watatuambia."

Nilidhani mzee atakataa, na kusema kweli nilitamani akatae. Lakini alikuwa na mizinga yake ya nyuki bondeni kule kule, akasema ataitazama, na wanaotaka kutazama majani watazame majani. Basi tukaenda. Mzee mbele kabisa, Mwalimu nyuma yake, kisha mama mkwe, halafu mimi na Robhi mgongoni, umbali wa kutosha nisimkaribie mzee. Tulikuwa wanne na mtoto, hakuna mwingine.

Chini ya vilima nyasi zilikuwa zimechomwa siku chache kabla. Wachungaji huchoma ili majani mapya yatoke. Palikuwa peusi kila upande, na hapakuwa na njia nyingine ya kufikia milama ila kukatiza pale penye majivu. Tulipotoka ng'ambo tulikuwa weusi mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mama mkwe alimwonyesha Mwalimu miguu yake akamwuliza kama wazungu nao hurudi hivi. Hata pindo la mbeleko ya Robhi lilikuwa limechafuka, maana lilikuwa limening'inia. Haya ya majivu myashike vizuri.

Na milama, niseme haki, ilikuwa mizuri. Mlima mzima ulikuwa mwekundu, mwingine wa rangi ya shaba, na jua lilipopita kwenye majani hata mikono yetu iligeuka rangi. Mwalimu aliokota majani akayaweka ndani ya kitabu. Tulikula ugali wa wimbi na nyama kavu na mtindi wa kwenye kibuyu, mzee akila peke yake nyuma ya kichaka. Lakini mimi sikutulia. Kila tawi likilia nageuka. Sijui kwa nini. Labda ni kule kukaa bure. Mwili wangu haukuzoea kukaa mahali bila kazi, ulikuwa ukingoja kuitwa.

Baada ya kula, mzee alishuka bondeni kwenye mizinga. Nilisikia katambuga zake zikishuka kwenye mawe, mkono wa kushoto. Mwalimu na mama yake wakateremka nao upande huo huo kuteka maji kwenye kijito, maana kibuyu kilikuwa kitupu na mama alikuwa na kiu. Waliniambia nibaki kwa sababu Robhi amelala. Nikabaki chini ya mlama mkubwa, mtoto mapajani, jua likiwa limeanza tu kuinama.

Nikasikia kikohozi nyuma yangu.

Kikohozi kile nilikijua. Mzee hukohoa mara mbili kabla hajakaribia, ili mke wa mwanawe apate muda wa kujifunika na kugeuka. Nilivuta kitambaa kichwani, nikainamisha uso. Ndipo nikasikia sauti yake, ile ile, na harufu ya ugoro juu yake.

"Robhi, mwambie mama yako akuweke chini. Babu akuonyeshe miti."

Je, wewe ungefanya nini? Mimi nilifanya nilivyolelewa. Nilitandika mbeleko, nikamlaza Robhi juu yake, nikasimama, nikageuka, nikasogea hatua tano na kumpa mgongo. Wakati nageuka miguu yake ilipita pembeni ya jicho langu. Katambuga, ufa wa kisigino, kidole kilichopinda. Nikamsikia akimwokota mtoto pamoja na mbeleko, kisha akaondoka polepole, akipanda mlima.

Nilibaki nimesimama, natazama chini. Nikatazama miguu yangu mwenyewe. Ilikuwa myeusi kwa majivu mpaka juu ya vifundo.

Ndipo nikang'amua. Ile miguu niliyoiona ilikuwa safi. Ilikuwa na kila kitu cha mkwe wangu isipokuwa uchafu. Ilikuwa safi hata katikati ya vidole, safi hata ndani ya ule ufa, na sisi sote tulikuwa tumekatiza majivu asubuhi ile. Kijito? Mtu akiosha miguu kijitoni kisha akapanda mlima ule wenye vumbi, atafika nayo michafu tena. Halafu mzee alishukia kushoto. Huyu kikohozi chake kilitoka juu.

Niligeuka. Alikuwa ameshafika kwenye milama ya juu, ambako moto wa wachungaji ulikuwa umepita pia, blanketi lile lile, fimbo ile ile, mgongo ule ule. Alitembea taratibu kabisa, lakini kila nikipepesa macho alikuwa mbali zaidi. Na Robhi hakulia. Robhi, ambaye siku zote alilia akibebwa na babu yake, hata usingizini, kwa sababu ya ugoro, alikuwa kimya.

Nataka mnielewe nilivyokuwa. Nikimkimbilia nimtazame usoni, nitajuaje? Uso wa mkwe wangu siujui. Hata akinigeukia akanitazama macho kwa macho, sina cha kulinganisha. Na kama ni mzee kweli, na kuna sababu ya miguu yake ambayo akili yangu haikuiona, nimejivua nguo mbele ya ukoo mzima. Lakini kama si yeye, nimemlaza mtoto wangu chini kwa mikono yangu mwenyewe nikampa mgongo akichukuliwa. Nilimwona yule mvulana wangu kaburini. Nilisema moyoni, sizai mwingine wa kuzika.

Nikamwita Mwalimu. Hakuna jibu, maji ya kijito yalipiga kelele. Basi nikavuta pumzi nikaliita jina la baba mkwe wangu. Lile la kuzaliwa, zima, kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Nimelitamka mara ile moja tu katika maisha yangu, na hata hapa sitalirudia.

Niliona hivi: mzee yeyote wa kwetu akitajwa jina na mke wa mwanawe, lazima atashtuka. Atasimama, atageuka, atakasirika, atafunika masikio. Yule wa juu hata bega halikutikisika. Aliendelea kutembea.

Na kutoka bondeni, kushoto, kule kwenye mizinga, mkwe wangu akaitika.

"Ee! Nani ananiita?"

Niamini, sijasikia sauti tamu kuliko ile wala ya kutisha kuliko ile. Kule juu, yule mwingine akasimama. Akakaa vile kwa muda, labda wa kuhesabu mpaka kumi. Kisha akafanya jambo ambalo linanisumbua kuliko mengine yote. Aliinama akamlaza Robhi chini, vizuri, juu ya mbeleko. Akageuka. Akasogea hatua tano, akanipa mgongo, akasimama akingoja.

Alifuata adabu zote. Alitaka nije nimchukue mtoto kwa utaratibu.

Nilipanda. Sikujua kama nalia mpaka nilipoonja chumvi. Nilipofika nikapiga magoti, nikamkumbatia Robhi, alikuwa na joto na anapumua. Yule alikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia blanketi lake likipigwa na upepo. Ningeweza kuzunguka nimwone uso. Mbona hukutazama, mnaniuliza wote. Nami nawauliza, ninyi mngetazama? Niliiona miguu tu, safi, imesimama kwenye majivu. Nikarudi kinyumenyume nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilipokuja kuinua macho palikuwa na milama mitupu.

Mzee alitokea akikimbia, panga mkononi, nyuki wawili watatu bado wanamzonga. Hata katika hali ile alisimama mbali akageuza uso pembeni. Alikuwa anahema.

"Robhi," akasema, "muulize mama yako nani amekufa."

Maana hakufikiria kitu kingine ambacho kingenifanya nilitaje jina lake. Nilimweleza Robhi yote, na mzee akasikiliza. Miguu yake ilikuwa myeusi tititi, na kwenye ule ufa wa kisigino majivu yalikuwa yamejaa. Niliitazama ile miguu nikataka kuibusu. Nilipomaliza aliinamisha kichwa akaitazama yeye pia, mguu mmoja kisha mwingine. Alipanda mwenyewe hadi mahali pale. Aliporudi alisema kuna nyayo zangu za kwenda na zangu za kurudi, basi. Kisha akatuambia tuanze safari, sisi mbele, yeye nyuma.

Mwalimu alisema ni jua. Alisema mtu akishiba kisha akakaa chini ya rangi nyingi, macho hucheza. Nilimpa ile mbeleko aitazame. Pindo lililokuwa jeusi kwa majivu asubuhi lilikuwa jeupe, safi, na mtoto alikuwa amelazwa nayo juu ya majivu kule mlimani. Aliishika muda mrefu, akanirudishia. Usiku ule alitoa majani kwenye kitabu akayatia motoni, na matembezi ya kutazama nchi yakaishia hapo.

Kikao cha wazee kilikaa, kama nilivyojua. Nilikuwa nimelitaja jina. Walisema mbuzi atoke kwa baba yangu, maana ndiye aliyenilea vibaya. Mkwe wangu akasimama akasema mbuzi atatoka zizini kwake mwenyewe, na alitoka, dume zuri. Jioni alikuja mlangoni, akakohoa mara mbili. Nilimlaza Robhi nikageuka. Hakumchukua. Akasema, "Robhi, mwambie mama yako siku ikibidi aliite tena jina langu." Nililia mpaka mama mkwe akaja kuuliza nimefanya nini tena.

Tangu siku hiyo mzee alikuwa na desturi yake. Kila alipotaka kumbeba mtoto, alipita kwanza zizini akakanyaga mavi ya ng'ombe. Halafu alikuja akasogeza mguu mmoja mbele, mahali ambapo jicho langu lingeuona, akangoja. Wageni walidhani amezeeka vibaya. Alifanya hivyo kwa watoto wangu wote watano, mpaka alipokufa. Sijapendwa na mtu namna ile, na uso wake niliuona kwa mara ya kwanza siku aliyolazwa kwenye jeneza. Pua yake ilikuwa pana. Miguu walikuwa wameiosha, nikaomba waifunike.

Lakini mimi sikurudi kuwa kama zamani. Sokoni natazama watu miguu kabla ya kuitikia salamu. Kanisani nakaa nyuma niione miguu ya wanaokwenda mbele. Watu husema yule mama ana kiburi, au ana macho mabovu. Majani ya milama yakianza kugeuka silali vizuri, na kikohozi cha mzee yeyote nyuma yangu kinanisimamisha.

Robhi alikua, akasoma kidogo, akaolewa Susuni, katika mji unaoshika soni kama ulivyokuwa wetu. Usiku wa kumuaga nilifunga mlango nikamweleza yote haya, na nikamfundisha la kufanya. Alinisikiliza kwa adabu, lakini niliona anazuia kicheko.

Alipopata mtoto wake wa kwanza alikuja kunisalimia, na safari hii hakucheka. Alikuwa shambani, msimu wa kuchoma majani, mtoto mkononi. Mzee akakohoa mara mbili nyuma yake. Akamwambia mtoto, "Mwambie mama yako akuweke chini." Robhi alitazama miguu, ikawa safi. Akambana mtoto kifuani akamwambia, "Mwambie mzee leo wewe huwekwi chini." Yule hakukasirika. Akasema, "Basi mwambie mama yako amsalimie bibi yako wa Nyanungu." Akaondoka.

Nilimwuliza Robhi kama alimwona uso. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye sina akili.

"Mama, ningemtazamaje? Mimi nina soni. Je, kama angekuwa mkwe wangu?"

Kwa hiyo hakuna anayejua sura yake, si mimi wala mwanangu. Wewe unayenisikiliza, waheshimu wakwe zako, inama, piga magoti, jina lao usilitaje kama ndivyo mlivyolelewa. Lakini mtoto usimweke chini mpaka umeona uchafu kwenye miguu ya anayemtaka. Na zile salamu, mpaka leo sijazijibu.